Kinachorudi Jikoni kwa Eloy

Mwanangu Noelia alikuwa na mimba ya miezi minne siku nilipomwambia awe anakula mchana kwa Eloy. Nilimwambia mimi, kwa mdomo wangu huu, wala hakuna aliyenituma. Mimba mbili za kabla ya hiyo zilikuwa zimemtoka. Safari hii daktari alimpa karatasi ya vitu vya kuepuka: mayai mabichi, jibini ya maziwa yasiyochemshwa, nyama isiyoiva, vyakula vilivyolala. Nikaiomba ile karatasi nikaibandika kwenye friji yangu, ingawa yeye anaishi kwake na mumewe. Kila asubuhi kabla ya kahawa naisoma.

Sasa mtu wa ofisini hapa Saragosa anapewa saa moja na nusu ya kula mchana. Kwa Noelia ni mbali, mabasi mawili, hawezi kwenda na kurudi. Wenzake walikuwa wanakula sandwichi za kwenye mashine, baridi kama kopo la rangi. Mimi nikasema haiwezekani, mwanamke mwenye mimba anataka chakula cha moto, cha kuliwa kwa kijiko.

"Nenda kwa Eloy," nikamwambia. "Yule ni mtu wetu."

Eloy ni wa kijijini kwetu, kule milimani upande wa Teruel. Tulikaa dawati moja tukiwa wadogo. Mume wangu alipofariki, Eloy alifunga mkahawa siku nzima akaja kubeba jeneza begani. Mkahawa wenyewe uko mtaa wa Delicias, meza kumi na mbili, na mlangoni ubao wa chaki: chakula cha kwanza, cha pili, mkate, divai, kitindamlo au kahawa, vyote kwa euro kumi na moja. Wajenzi wanakula pale, makarani, madereva wa teksi, na wajane kama mimi wasiotaka kupikia mdomo mmoja.

Bei hiyo ndiyo ingepaswa kunishtua. Nyanya zimepanda, mafuta ya zeituni yamepanda mpaka madukani wanayafunga kwa minyororo, umeme usiseme, na bei ya Eloy ilikaa palepale miaka sita. Kila mtu alijiuliza anawezaje. Nami nilikuwa najibu watu kwa kiburi kabisa: "Ana moyo, huyo. Sisi wa milimani tuko hivyo."

Miezi mitatu mwanangu akala pale, Jumatatu mpaka Ijumaa. Mkitaka kujua kwa nini naandika haya, ni kwa ajili ya hiyo miezi mitatu.

Mwezi wa sita, joto limeanza kuyeyusha lami, mke wa Eloy aliteleza kwenye ngazi akavunjika kiwiko. Yeye ndiye aliyekuwa jikoni. Eloy akanipigia simu.

"Dada Hermi, niokoe. Wiki moja tu. Nani mwingine nitamwamini na sufuria zangu?"

Nilifurahi, sikatai. Noelia alikuwa ameenda Huesca kwa mama mkwe wake kupumzika, na nyumba yangu ilikuwa kimya. Nikachukua aproni yangu mwenyewe na kisu changu mwenyewe, nikaenda.

Jumatatu tulipika dengu. Nilizipika kama zinavyotakiwa, na jani la kunukia na kitunguu kizima, na nikasikia watu wanasifu kupitia lile dirisha la kupitishia sahani. Nikajiona mtu. Kisha sahani chafu zikaanza kurudi. Nikachukua ya kwanza, nikaiinamisha juu ya pipa la taka, na Fermín, mhudumu wa pale, akanishika mkono.

"Wee mama! Unafanya nini?"

"Namwaga mabaki."

"Unamwaga mshahara wangu. Hapa hakimwagwi kitu. Nyama bakuli la bluu, mboga bakuli la njano, mkate kapuni, divai nipe mimi. Takataka ni mifupa na vijiti vya meno."

Nikadhani ni chakula cha mifugo. Kijijini kwetu ndivyo ilivyokuwa, kila nyumba na ndoo yake.

"Eloy ana nguruwe siku hizi?" nikauliza.

Fermín akacheka mpaka akakohoa. "Anao wengi. Wamekaa meza kumi na mbili."

Sikumwelewa mpaka saa kumi, wageni walipokwisha kuondoka. Nikatazama ndani ya bakuli la bluu. Kulikuwa na vipande vya nyama vyenye alama za meno, moja moja, unaweza kuhesabu meno ya mtu. Kulikuwa na gegedo lililotafunwa likamshinda mwenyewe, akalitema pembeni mwa sahani. Bado lilikuwa limelowa. Kulikuwa na kipande cha mafuta chenye rangi nyekundu ya mdomo wa mwanamke. Ngozi ya kuku imejikunja kama soksi. Na joto lile la jikoni, na nzi mmoja anayetembea juu ya vyote kama mwenye nyumba.

Eloy akalibeba bakuli, akakung'uta nzi, akamimina vyote kwenye mashine ya kusaga. Kikatoka kitu cha kijivu. Akayeyusha siagi, akatia unga, maziwa, chumvi, akakwangua kungumanga kidogo, akakoroga na kile cha kijivu. Harufu ikawa nzuri. Jikoni kote kukanukia kama Jumapili kwa mama yangu. Ningestahimili uvundo. Ile harufu nzuri ndiyo iliyonishinda, nikatoka nje uani nikashika ukuta.

Kroketa kila mama wa hapa anatengeneza. Ni katlesi laini za maziwa na unga, na ndani yake nyama iliyobaki jana. Jumapili unachemsha nyama na mifupa, watu wanakula, Jumatatu kilichobaki sufuriani unakikatakata, unafinyanga, unakaanga. Watoto wanapenda kuliko nyama yenyewe. Lakini ni kilichobaki sufuriani. Kilichobaki mdomoni mwa mtu ni kitu kingine.

Nilirudi nikamwambia hivyo.

"Eloy, hii imetoka kwenye sahani za watu."

"Na imetoka kwenye moto pia, na itarudi kwenye moto. Moto hauulizi."

"Kuna mate ya watu humu."

"Dada, wewe na mimi, mkate ukianguka chini tulifanyaje? Tuliuokota, tukaubusu, tukala. Mama yako alichemsha mfupa mmoja wiki nzima. Leo umekuwa wa mjini, unaogopa mabaki?"

"Ule ulikuwa mkate wetu. Mate yalikuwa yetu."

"Na hawa si watu wetu? Wewe ndiye unayewaambia watu nina moyo. Moyo kwa euro kumi na moja unatengenezwa hivi. Unataka niweke bei ishirini, Mateo fundi bomba akale wapi?"

Akasema akinitazama usoni, bila aibu hata kidogo. Nilifikiria jeneza la mume wangu begani kwake. Nilifikiria kijijini watasemaje, Herminia kamchongea Eloy. Na Noelia? Noelia yuko Huesca hadi Jumatatu ijayo, nikajiambia. Jumatatu nitamtafutia sababu ya kutokwenda tena, nitamwambia nitampikia mimi, ataona ni mapenzi ya bibi mtarajiwa. Hakuna haja ya kumwambia ukweli, maana Noelia akijua kitu hakai nacho, angeenda moja kwa moja kwa watu wa afya. Nikapanga yote vizuri kichwani. Mtu mwoga ana mipango mizuri sana.

Jumanne nikaona ya mkate. Vipande vilivyorudi kapuni Fermín anavipiga brashi, ile ya kupakia rangi, kuondoa chembe na uchafu, kisha ananyunyizia maji na kuviingiza kwenye oveni. Vinatoka vinalia kwa ukavu, wageni wanasema, "Mkate wa moto!" Divai nayo: masalio ya kila chupa yanapitishwa kwenye faneli na kitambaa hadi chupa ijae, kizibo juu, mezani. Hicho kitambaa nilikifua mara moja. Maji yake sitayaelezea.

"Una kinyaa sana wewe mama," Fermín akaniambia. "Mimi nina miaka kumi na tisa hapa. Mwanzo nilikuwa nabeba chakula changu kutoka nyumbani."

"Na sasa?"

"Sasa bado nabeba." Akanikonyeza. "Usinitazame hivyo. Wewe mwenyewe nimeona unakula ndizi tu tangu jana."

Ilikuwa kweli. Ndizi nilikuwa namenya mwenyewe.

Jumatano Eloy akanipa lile bakuli la rojo, lililolala tangu Jumatatu kwenye friji isiyofunga vizuri, akaniambia nifinyange. Nikafinyanga. Naandika hilo pia, sitaki kulificha. Nilisimama na mikono yangu iliyomlea Noelia, nikafinyanga kroketa mia moja na arobaini, nazigeuza kwenye yai na chenga za mkate, nazipanga kwenye trei safu kwa safu, zote zinalingana. Katikati ya kazi nikahisi kitu kigumu kidoleni. Kilikuwa ncha ya kijiti cha meno, imetafunwa. Nikaitoa, nikaiweka mfukoni mwa aproni, nikaendelea. Nilikuwa nasema moyoni, mafuta yanaunguza kila kitu, mafuta yanaunguza kila kitu. Na mafuta yenyewe yalikuwa meusi kama ya gari.

Ijumaa saa nane na robo, ukumbi umejaa, Eloy akaingiza kichwa dirishani.

"Hermi! Toka uone nani kaja!"

Nikatoka nikifuta mikono. Noelia amesimama katikati ya meza, uso mwekundu kwa jua, mkono juu ya tumbo. Miezi saba ilikuwa imemjaza vizuri.

"Mama mkwe amenichosha," akasema akicheka. "Anaongea mpaka usingizini. Nimepanda basi la asubuhi. Nikaambiwa kuna mpishi mpya kwa Eloy, hatari tupu."

"Nenda nyumbani," nikasema. "Nitakuja kukupikia."

"Saa nane hii? Mtoto ananipiga mateke kwa njaa."

"Basi kula ndizi."

Watu wakacheka. Mateo fundi bomba akapiga meza. "Mama gani huyu! Mjukuu anataka dengu, yeye anampa ndizi! Muone tumbo lake, Bi Herminia, huyo si nyani!"

Macho yote yalikuwa kwangu, ya Eloy kuliko yote. Hakunikasirikia. Alikuwa anatabasamu, kama mtu anayejua hutasema. Na nafasi ilikuwa ile. Ningesema maneno manne tu: usile, wanarudisha mabaki mezani. Badala yake nikavuta kiti. Nikasema:

"Kaa. Nitakukaangia mayai mwenyewe, yaive mpaka yawe magumu."

Nikakimbilia jikoni. Nikaosha kikaango mara mbili, nikafungua chupa mpya ya mafuta, nikamenya viazi vipya, nikavunja mayai nikiyanusa moja moja. Mkate nikatoa ule wa kwenye mfuko wa mwoka mikate, ambao haujafika mezani. Nikajipongeza. Nimemwokoa, na hakuna aliyeaibika. Eti nilikuwa na furaha! Nilikuwa naimba puani.

Nilipogeuka kuipeleka sahani dirishani, nikakuta hapo sahani nyingine ndogo imerudi. Tupu. Imepanguswa kwa mkate hadi inang'aa.

"Hii ya nani?" nikauliza.

"Ya binti yako," Fermín akasema. "Kroketa sita zako za Jumatano, zawadi ya bosi. Kasema tatu za mama, tatu za mtoto. Kalamba sahani! Anasema zinafanana kabisa na zako za nyumbani."

Kwa nini zisifanane.

Kwenye sahani ya jirani yake ilibaki moja iliyong'atwa nusu. Nikaigusa ndani kwa kidole. Juu imeungua, katikati baridi, kama ulimi wa ng'ombe aliyechinjwa jana.

Nilitoka nikasimama mbele ya mwanangu. Alikuwa anafuta mdomo. Nilikuwa na pumzi ya kutosha kusema. Mnajua nilisema nini? Nilisema, "Umeshiba?"

Jumapili asubuhi mumewe, Iker, akanipigia simu. Noelia ana homa, anatapika tangu alfajiri, mgongo unamkaza na kuachia, unakaza na kuachia. Nikawakuta hospitali. Alikuwa amelazwa kwa ubavu, mikanda miwili tumboni, na mashine inatoa mlio wa moyo wa mtoto, haraka haraka, kama mtu anayekimbia. Midomo yake ilikuwa imepauka. Ndoo kando ya kitanda. Ile harufu ya tumbo la mtu likigeuka, nikaijua. Ilikuwa harufu ya bakuli la bluu saa kumi jioni.

Daktari alikuwa msichana mdogo, nywele amezibana kwa kalamu.

"Siku tatu hizi umekula nini? Kila kitu."

Noelia akataja vya Huesca: supu, samaki, matunda. Kisha akasema, "Na Ijumaa nilikula kwa Eloy. Lakini huko hakuna shida, daktari. Mama yangu ndiye aliyekuwa jikoni."

Akanitafuta mkono akaushika. Mkono wake ulikuwa unawaka.

Daktari akanitazama. "Ni chakula gani hasa? Inanisaidia kujua natafuta nini, na dawa gani nimpe bila kumdhuru mtoto. Homa ikikaa hivi, uchungu hautasimama, na miezi saba ni mapema."

Ile mashine inakimbia. Nikafikiria, nikisema, mwanangu atajua leo hii, hapa, akiwa hivi. Nisiposema, nani atajua? Wazo hilo lilinijia, siwafichi. Lilikaa muda wa kumeza mate. Kisha mlio wa mashine ukapungua, ukapotea kidogo, ukarudi, na mdomo wangu ukafunguka wenyewe.

Nikasema yote. Nyama za kwenye sahani za watu, bakuli lililolala siku mbili kwenye friji isiyofunga vizuri, mayai, maziwa, kroketa baridi katikati. Nilisema hata ncha ya kijiti cha meno. Daktari alikuwa anaandika, akaacha kuandika, akaendelea kuandika. Iker akashika ukuta.

"Na ulijua tangu lini?" Noelia akauliza. Sauti ndogo.

"Jumatatu."

"Ijumaa ulijua."

"Nilikukaangia mayai..."

"Ulijua, Mama, ukaniuliza kama nimeshiba."

Akatoa mkono wake kwenye mkono wangu. Akaufuta kwenye shuka, mbele na nyuma, polepole, kama mtu aliyeshika kitu sokoni. Kisha akatapika tena.

Daktari alibadilisha dawa, wakachukua damu na vingine vya kupima. Homa ilianza kushuka Jumatatu jioni, uchungu ukasimama Jumanne. Mtoto alibaki ndani. Siku hiyohiyo watu wa afya waliingia kwa Eloy, na Mateo fundi bomba naye alikuwa amelazwa ghorofa ya chini, na wengine wawili. Mlango ukabandikwa karatasi. Eloy alinipigia simu mara moja tu.

"Kwa nini hukuniambia mimi kwanza, dada?"

"Nilikuambia."

"Hukuniambia. Ulilalamika, ukafinyanga."

Nikakata simu. Kijijini mama yake hanisalimu tena, na sijali.

Ninyi mlio na watoto wanaokula nje, msiwaulize kama chakula ni kitamu. Kitamu kinatengenezwa. Msiridhike kwa kuwa mwenye mkahawa ni mtu wenu, wala kwa kuwa alikuja msibani. Siku moja kaeni meza ya karibu na mlango wa jikoni, agizeni kahawa, mtazame sahani chafu zinaelekea wapi. Mkate ukija na kona imebanwabanwa, ondokeni. Na mkijua kitu, semeni saa hiyohiyo, hata kama ukumbi umejaa, hata kama mwenye mkahawa anawatabasamia. Aibu ya kusema inakwisha kabla ya kitindamlo. Ile nyingine nimeibeba nyumbani.

Mjukuu wangu alizaliwa mwezi wa nane, kilo mbili na nusu, mzima. Noelia ananiruhusu nimbebe. Nikifika nakuta ameniwekea kiti, kahawa, maneno mazuri. Lakini chochote ninachobeba kutoka kwangu kinabaki kwenye mfuko wake mlangoni, na nikiondoka ananikumbusha kukichukua.

Wiki iliyopita nikamwambia, basi nikupikie hapahapa kwako, utazame. Nikachemsha supu ya kuku jikoni kwake, kuku aliyenunua yeye, sufuria yake, yeye amesimama ananyonyesha na kuniangalia mikono. Ilipoiva nikampakulia bakuli nikaliweka mbele yake. Hakuligusa. Akalisukuma upande wangu kwa kidole kimoja.

"Kula wewe kwanza, Mama."

"Yote?"

"Mpaka nikuambie."

Nikachukua kijiko nikala, naye ananitazama mdomo.